Akisema amepona, tuseme amina au tuulize vipimo?

Mwambao Nyegezi | #1

Wakuu, salaam.

Viwanja vya Furahisha pale Kirumba, Mwanza, vikipata mkutano wa injili, sehemu inayosubiriwa kuliko mahubiri ni ushuhuda. Mtu anapanda jukwaani, anasema alikuwa na ugonjwa fulani, sasa hana, umati unalipuka. Anayeuliza "vipimo viko wapi?" hubandikwa jina moja tu: Tomaso, yule mwanafunzi wa Yesu aliyetaka kuona ndipo aamini. Nafungua uzi huu nimtetee Tomaso kwanza, kisha tuingie kwenye kazi yenyewe: ushuhuda wa uponyaji unakaguliwaje?

Someni Yohana 20 kuanzia mstari wa 19, msirukie wa 25. Mstari wa 20 unasema Yesu aliwaonyesha wanafunzi mikono yake na ubavu wake, ndipo wakafurahi. Tomaso hakuwepo siku hiyo. Alichodai baadaye ni kile kile wenzake walichokwisha kupewa bila hata kuomba, na baada ya siku nane akapewa. Halafu "wa heri wasioona, wakasadiki" inafuatwa papo hapo na mstari wa 30 na 31: ishara hizi zimeandikwa ili mpate kuamini. Msomaji anapewa ushahidi wa aina nyingine, maandishi ya walioona. Haambiwi aamini hewa.

Twende Walawi 13, sura ambayo haihubiriwi kwa sababu inachosha. Mwenye alama kwenye ngozi anapelekwa kwa kuhani. Kuhani anatazama mambo mawili: je, nywele za pale zimegeuka kuwa nyeupe? Je, alama imezama ndani kuliko ngozi? Akiwa hana uhakika anamtenga siku 7, anatazama tena. Bado hana uhakika? Siku 7 nyingine. Siku 14 zinapita kabla hajatamka neno. Na kupona nako kuna utaratibu wake, sura ya 14: kuhani anatoka nje ya kambi kumkagua, kuna ndege wawili, mwerezi, sufu nyekundu na hisopo, mtu ananyolewa nywele zote, na siku ya nane ndipo anatoa dhabihu.

Sasa tazameni Marko 1:44. Yesu amemponya mwenye ukoma. Anamwambia asimwambie mtu neno, aende akajionyeshe kwa kuhani, iwe ushuhuda kwao. Wale kumi wa Luka 17 wanatumwa huko huko. Mkaguzi si yule aliyeponya. Jambo hilo dogo ndilo linalokosekana kwenye majukwaa yetu, ambako anayeombea, anayetangaza kwamba umepona na anayeshika kipaza sauti ni mtu mmoja.

Nawasilisha. Wenye maabara, wenye Biblia na wenye shaka, karibuni.

Ng'wana Nzengo | #2

Ngosha, hoja nzuri, ila angalizo dogo. Ule "ukoma" wa Walawi si lazima uwe ukoma tunaoujua leo. Sura ya 13 inazungumzia hadi nguo zenye ukoma, na ya 14 inaingia kwenye kuta za nyumba. Ni jina la jumla la madoa na kuvu. Utaratibu wa kukagua unabaki pale pale.

Kipimo Kwanza | #3

Naingia upande wa vipimo. Kosa la kwanza ni kudhani neno "kupona" lina maana moja. Kila ugonjwa una namna yake ya kudanganya.

VVU. Mtu anayekunywa ARV vizuri, wingi wa virusi hushuka mpaka chini ya nakala 50 kwa mililita, na majibu yanaandikwa "havionekani". Hiyo ni kazi ya dawa. Akiacha dawa kwa sababu karatasi imesema havionekani, kwa kawaida virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache, mara nyingi mbili hadi nne. Tena msimpeleke mtu aliye kwenye dawa akapimwe upya kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu "ili tuthibitishe". Kipimo kile kinatafuta kingamwili, si kirusi, na kwa mtu aliyeanza dawa mapema sana kingamwili zinaweza kuwa chache kiasi cha kutoa jibu la uongo. Mtu anaruka kwa furaha, kadi ya kliniki ya VVU (CTC) inatupwa, miezi sita baadaye analetwa kwa machela.

Selimundu. Hii ni ya kwetu kabisa, Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi. Maumivu ya selimundu huja na kuondoka yenyewe. Mtoto akiombewa siku ya tatu ya maumivu, siku ya tano yuko sawa hata asingeombewa. Kinachoonyesha ugonjwa ni kipimo cha aina ya himoglobini, na hicho hakibadiliki kwa sababu maumivu yametulia. Anayedai kupona selimundu alete majibu mawili ya kipimo hicho hicho: ya kabla na ya baada. Na kama mtoto aliongezewa damu hivi karibuni, kipimo kitaona damu ya aliyemchangia, basi subirini miezi mitatu au minne.

Sukari. Kipimo cha kidole cha asubuhi moja hakithibitishi chochote. Mtu aliyefunga kula siku tatu kwenye maombi, kwa kawaida sukari yake hushuka. Tumieni kile cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu (HbA1c). Mstari wa kisukari ni asilimia 6.5. Tahadhari: kipimo hiki kinasoma chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takribani siku 120. Kwa mwenye selimundu chembe hufa mapema, hivyo namba inatoka ndogo kuliko hali halisi.

Kifua kikuu. Hapa ndipo hatari. Mgonjwa hujisikia nafuu wiki chache baada ya kuanza dawa, lakini dozi ya kawaida ni miezi 6. Akitangaza "nimepona" mwezi wa pili na kuacha, bakteria waliobaki wanaweza kurudi wakiwa sugu, na anawaambukiza waliokuja kusikiliza ushuhuda.

Kichocho. Waliokunywa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, wengi huacha kutoa mayai. Lakini dawa haiui minyoo michanga vizuri, na mtu anayerudi kuoga ziwani anaambukizwa upya. Kipimo cha choo kirudiwe baada ya wiki mbili hadi tatu. Uvimbe nao: kama hakijachukuliwa kinyama na kupimwa, hatujui ulikuwa nini, kwa hiyo hatujui umepona nini.

Maumivu ya mgongo na kichwa, na ule mguu mmoja "mfupi" unaorefuka jukwaani, sivijadili. Mgongo wa ghafla kwa watu wengi hupoa wenyewe ndani ya wiki kadhaa. Mguu unarefuka kwa kuvuta kiatu.

Mtumishi Mabatini | #4

Mnamjaribu Mungu. Kumbukumbu la Torati 6:16 iko wazi. Anayetaka karatasi ya maabara ili aamini hajaamini.

Mwambao Nyegezi | #5

Mtumishi, mstari ule unaishia na "kama mlivyomjaribu huko Masa". Nenda Kutoka 17:7 uone kosa la Masa: walikwisha kuvuka bahari na kula mana, bado wakauliza kama Bwana yumo kati yao au la. Sisi hatumkagui Mungu. Tunakagua maneno ya mtu aliyeshika kipaza sauti, na hilo tumeamriwa: 1 Yohana 4:1, msiiamini kila roho, zijaribuni. 1 Wathesalonike 5:21, jaribuni mambo yote.

Mfano wa kinyume chako uko Isaya 7. Mfalme Ahazi anaambiwa aombe ishara, anajibu kwa unyenyekevu mtamu kwamba hatamjaribu Bwana. Nabii anamkemea. Kukataa ushahidi nako kunaweza kuwa namna ya kukwepa.

Katekista wa Bukumbi | #6

Wakatoliki tuna utaratibu ulioandikwa, na inafaa uujue hata kama si Mkatoliki. Karne ya 18 Prospero Lambertini, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XIV, aliweka vigezo vinavyotumika mpaka leo. Ugonjwa uwe mzito, mgumu au usiowezekana kutibika. Usiwe umefika hatua ambayo ungeisha wenyewe. Dawa ziwe hazijatumika, au zimetumika zikashindwa. Kupona kuwe kwa ghafla. Kuwe kamili. Kusitanguliwe na badiliko la mwili linaloweza kukueleza. Na ugonjwa usirudi.

Lourdes, Ufaransa, ambako Bernadette alisema alimwona Bikira Maria mwaka 1858, kuna ofisi ya madaktari tangu 1883. Madai yaliyopokelewa ni zaidi ya 7,000. Hadi mwaka 2018 yaliyotangazwa kuwa miujiza yalikuwa 70. La sabini ni la mtawa wa Kifaransa, Bernadette Moriau: alipona Julai 2008, likatangazwa Februari 2018. Karibu miaka kumi ya kukagua kabla ya askofu kufungua mdomo.

Watu husahau kitu kimoja: madaktari hawasemi "ni muujiza". Wao wanaandika kwamba kwa elimu ya tiba ya sasa kupona huku hakuelezeki, basi. Neno muujiza linatamkwa na askofu wa jimbo la mgonjwa. Kazi mbili, watu wawili, kama kuhani wa Walawi.

Shaka Halali | #7

Katekista, heshima kwa kutoa namba. Namba hizo hizo ndizo zinazonipa shaka. 70 kati ya zaidi ya 7,000, kwa miaka 160, mahali panapotembelewa na mamilioni. Na "hakuelezeki kwa elimu ya sasa" maana yake ni hatujui. Kutojua kwangu si ushahidi wa dai lako. Tena katika orodha hiyo hakuna hata mguu mmoja uliokatwa ukaota tena, na huo ndio ungemaliza ubishi.

Mkitaka jaribio la kweli lipo. Marekani, mwaka 2006, Herbert Benson na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Makundi matatu kwa kura. La kwanza liliombewa bila kujua kwa hakika. La pili halikuombewa, nalo halikujua. La tatu liliombewa na likaambiwa. Waliopata matatizo baada ya upasuaji: asilimia 52, asilimia 51, na lile lililojua linaombewa, asilimia 59.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi wa ziwa. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu 228 walikufa. Kivuko kilijengwa kubeba watu 101. Siku mbili baadaye fundi wa mitambo akatolewa hai ndani ya chombo kilichopinduka, na neno "muujiza" likaenea nchi nzima. Hewa hunaswa ndani ya chombo kilichogeuka juu chini. Yeye alikuwa mahali penye hewa. Ukiita ile hewa jibu la Mungu, waambie na wale wa makaburi 228.

Mwaka 1877 mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford alitoa mfano wa mwenye meli anayejua meli yake ni kuukuu na ana shaka nayo, anajituliza kwa imani kwamba imesafiri salama mara nyingi, anaipakia abiria. Clifford anasema ana hatia hata kama meli ingefika, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Sidhani kama kuna mtu wa Ukerewe anayehitaji kufafanuliwa mfano huo.

Binti Ukerewe | #8

Shaka Halali, hewa ile nakubaliana nawe, na kuhusu wale 228 sina jibu, wala anayejifanya analo simwamini. Lakini unachanganya shukrani na ushahidi. Aliyetolewa hai kumshukuru Mungu kwa ile hewa ni haki yake. Hajamwambia mtu "kwa hiyo amini". Kosa linaanza pale shukrani ya mmoja inapogeuzwa tangazo la kuvuta wengine. Hapo ndipo maswali yako yana nguvu zote.

Mchungaji Kando ya Ziwa | #9

Nimesoma jaribio la 2006 zaidi ya muhtasari wa gazeti. Waombaji walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo, wakaomba siku 14 kwa sentensi waliyopangiwa, kwamba upasuaji ufanikiwe, apone haraka na asipate matatizo. Hawakumjua mtu. Na lile kundi "lisiloombewa" liliombewa na mama zao, wake zao na makanisa yao, kwa maana hakuna mtafiti anayeweza kumzuia mama asiombe. Kwa hiyo kilichopimwa ni maombi ya ziada ya wageni, na hayakuongeza kitu. Ile 59 pengine ni hofu: mgonjwa anaambiwa unaombewa maalumu, anajiuliza hali yake ni mbaya kiasi gani.

Ila niseme na upande unaouma kwetu. Nikikubali kwamba maombi hayapimiki kwa hesabu, sina ruhusa ya kusimama Jumapili na kutangaza "watu 40 wameponywa wiki hii". Hiyo nayo ni takwimu, tena mbovu kuliko ya Benson, kwa kuwa haina kundi la kulinganisha na haihesabu ambao hawakupona. Ama tuhesabu wote, ama tusihesabu.

Ng'wana Nzengo | #10

Hapo kwa "ambao hawakupona" ndipo pa kukaza. Mnakumbuka kikombe cha Babu, Samunge, Loliondo, mwaka 2011? Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kikombe shilingi 500, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, na Kanda ya Ziwa tulikuwemo. Ushuhuda ulikuwa mwingi mno. Kwa nini? Aliyejisikia nafuu alirudi kusema. Ambaye hakupata nafuu alikaa kimya nyumbani, na aliyekufa hakuwa na namna ya kurudi kulalamika. Ukisikiliza waliorudi tu, dawa yoyote duniani inaponya. Pale soko la samaki la Mwaloni huwezi kupima uvuvi wa usiku kwa kuhesabu mitumbwi iliyoleta dagaa tu.

Katekista wa Bukumbi | #11

Mfano wa mitumbwi nauiba.

Mwambao Nyegezi | #12

Kuna kitu kwenye maandiko ambacho wahubiri wengi wa uponyaji hawapendi kukigusa. Mstari unaopigiwa kelele kuliko yote, "wataweka mikono yao juu ya wagonjwa, nao watapata afya", ni Marko 16:18. Nakala mbili za kale za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia mstari wa 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Mstari wa 9 hadi 20 haumo, na wataalamu wengi wa nakala wanaona uliongezwa baadaye.

Kuombea wagonjwa hakuanguki kwa hilo. Yakobo 5:14 ipo, Matendo 28:8 ipo. Kinachoanguka ni ile ahadi isiyo na "labda". Na barua zenyewe zimejaa wagonjwa: Paulo anaomba mwiba wake uondolewe mara tatu, hauondolewi, 2 Wakorintho 12. Anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo, 1 Timotheo 5:23, wala hampelekei kitambaa cha uponyaji. Trofimo anaachwa Mileto akiwa mgonjwa, 2 Timotheo 4:20.

Kuhusu ufufuo, ambao Shaka Halali hajaugusa lakini najua anaelekea huko: ule si jambo la maabara, ni la mashahidi. Barua ya kwanza kwa Wakorintho iliandikwa katikati ya miaka ya 50, yaani miaka ishirini na kitu baada ya msalaba. Sura ya 15 Paulo anarudia orodha aliyoipokea: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara (wanafunzi kumi na wawili), ndugu zaidi ya 500, Yakobo. Wagalatia 1:18-19 inasema alikaa na Kefa siku 15 na akamwona Yakobo. Nje ya Biblia, mwanahistoria wa Kirumi Tasito mwanzoni mwa karne ya 2 anaandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, na mwanahistoria wa Kiyahudi Yosefo anamtaja Yakobo ndugu yake. Hayo yanatosha kuonyesha kwamba Yesu aliishi, aliuawa, na kwamba watu waliomjua walisadiki mapema sana kuwa wamemwona hai. Kutoka hapo mpaka "kweli alifufuka" kuna hatua, na anayekwambia hiyo hatua haipo hakutendei haki. Paulo mwenyewe aliweka shingo pale: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure.

Shaka Halali | #13

Hatua hiyo mimi siruki. Mwanafalsafa David Hume alisema mwaka 1748 kwamba ushuhuda wa muujiza unatosha pale tu ambapo uongo wake ungekuwa wa ajabu kuliko muujiza wenyewe. Watu kusadiki kwa dhati jambo lisilotokea si ajabu. Samunge imetajwa hapo juu. Ila nakiri, sijazoea kukutana na Mkristo anayenionyesha mahali pa hatua badala ya kunisukuma.

Mtumishi Mabatini | #14

Basi mniambie kwa vitendo. Ibada ya Jumapili mtu ananyoosha mkono anasema amepona. Nimfukuze?

Kipimo Kwanza | #15

Hapana, mtumishi. Mwache amshukuru Mungu, kisha fanyeni hivi. Asitaje jina la ugonjwa mbele ya watu siku hiyo, hasa VVU. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu hayo, na kipaza sauti hakifuti alichokwisha kusema. Aambiwe hapo hapo, kwa sauti ile ile ya mhubiri, asiache dawa mpaka daktari aliyeziandika aziondoe. Hilo pekee linaokoa watu kuliko karatasi zote.

Baada ya ibada aulizwe kama ana majibu ya kabla ya kuombewa, yenye tarehe. Kama hayapo, ushuhuda unabaki shukrani binafsi, hautangazwi wala haurekodiwi. Kama yapo, kipimo kile kile kirudiwe, ikiwezekana kwenye maabara ile ile, na asiyehusika na kanisa ndiye ayasome. Muda wa kungoja unategemea ugonjwa: sukari miezi mitatu, selimundu kama nilivyosema, kichocho wiki tatu, saratani daktari ndiye atakayepanga, na huenda ni miaka. Andikeni dawa zote alizokuwa akitumia, za kienyeji zikiwemo. Hapo ndipo shuhuda nyingi hufa: mtu alikuwa kwenye dozi na hakusema.

Na daftari liwe na kurasa za walioombewa wasipone. Lisipokuwa nazo, msianze.

Binti Ukerewe | #16

Ongezeni la hao wasiopona. Marufuku kumwambia mtu imani yake ilikuwa ndogo. Baba wa Marko 9:24 alisema naamini na kutokuamini ndani ya sentensi moja, na mtoto wake akapona. Kwa hiyo kipimo cha imani hakikuwa sharti pale. Yohana 9:3 inakataa kumtafutia mgonjwa dhambi. Na mwenye shaka asiwekwe mbele kuombewa "roho ya Tomaso" imtoke. Yuda 22 inasema wahurumieni walio na shaka. Mpeni kiti, na muda wa kuuliza ibada ikiisha.

Mtumishi Mabatini | #17

Daftari litunzwe na nani? Mzee wa kanisa ni shemeji wa mhubiri.

Kipimo Kwanza | #18

Basi asiwe yeye. Tafuteni muuguzi mstaafu au mwalimu, hata wa kanisa jingine. Kabati lenye kufuli, funguo mbili, na jina la mgonjwa liandikwe kwa namba. Akitaka karatasi yake apewe siku hiyo hiyo.

Ng'wana Nzengo | #19

Na mhubiri asipewe ufunguo.